Mwizi Anapofia Ndani ya Nyumba: Nani Anawajibika Mbele ya Sheria?

Mheshimiwa Mwenyekiti, waalikwa, mabibi na mabwana,

Swali ninaloulizwa mara nyingi kuliko jingine lolote katika kazi yangu ya uwakili huulizwa kwa uchungu: mtu amevunja mlango wangu usiku wa manane, sikumwita, nimejitetea, naye amekufa, kwa nini polisi wanakuja kunihoji mimi? Uchungu huo naufahamu na siudharau hata kidogo. Nyumbani ndipo mahali ambapo binadamu hufumba macho na kuwaacha watoto wake walale bila ulinzi mwingine zaidi ya komeo na kuta. Anayevunja mahali hapo haondoki na mali peke yake, bali huondoka pia na usingizi wa watu wa nyumba ile, pengine kwa miaka mingi. Kwa hiyo nitakayoyasema leo hayatoki kwa mtu anayemhurumia mwizi na kumsahau aliyevunjiwa. Lakini swali hilo linastahili jibu kamili, kwa sababu wapo watu wanaomalizia maisha yao gerezani kwa kuamini nusu tu ya jibu.

Nusu wanayoiamini ni kwamba mwizi ni mkosaji, na mkosaji akifia katika kosa lake amejitakia. Nusu wanayoisahau ni kwamba sheria haimpi mwenye nyumba mamlaka ya kumwadhibu mwizi. Inampa haki ya kuizuia hatari, na haki hiyo huzaliwa pamoja na hatari na hufa pamoja nayo, hata kama kati ya kuzaliwa na kufa kwake zimepita sekunde nne.

Wazo hili si la juzi. Ni kweli kwamba sheria za Hammurabi wa Babeli, zilizoandikwa karibu miaka 1,750 kabla ya Kristo, hazikuwa na subira: aliyetoboa ukuta wa nyumba aliuawa mbele ya tundu hilohilo alilolitoboa. Lakini katika kitabu cha Kutoka, sura ya 22, tayari tunakuta tofauti nzito. Mwizi akipigwa akafa usiku wakati anavunja, aliyempiga hana hatia ya damu. Jua likiwa limekwisha kuchomoza, hatia ya damu ipo. Sheria za Warumi ziitwazo Meza Kumi na Mbili, za katikati ya karne ya 5 kabla ya Kristo, nazo zilitenganisha mwizi wa usiku na mwizi wa mchana, na huyu wa mchana hakuruhusiwa kuuawa isipokuwa alipojitetea kwa silaha. Tujiulize sababu ya tofauti hiyo. Mali inayoibwa usiku haina thamani kubwa kuliko inayoibwa mchana. Kilichobadilika ni kwamba gizani mwenye nyumba haoni kilichomo mkononi mwa mgeni wake, hajui kama amekuja kuiba au kuua, na jirani wa kumpa msaada amelala. Watu wa kale walipima hatari, hawakupima wizi.

Mwaka 1604, katika shauri maarufu la Semayne, mahakama ya Uingereza ilitamka kwamba nyumba ya mtu ni ngome yake. Msemo huo umesafiri dunia nzima, na kwa bahati mbaya umesafiri bila maelezo yake, kwa maana mgogoro wenyewe haukuwa juu ya mwizi. Lilihusu mipaka ya mamlaka ya afisa wa serikali kuvunja mlango wa raia ili kukamata mali. Ngome iliyosemwa pale ni mahali pa kujikinga, na anayejikinga ndani ya ngome yake hageuki kuwa hakimu wa wanaoizingira.

Sasa tuingie katika kesi yenyewe. Mtu akifa ndani ya nyumba yako, hata awe mwizi mwenye sifa mbaya kiasi gani, kifo hicho ni kifo cha binadamu, na mamlaka yoyote inayojiheshimu ni lazima ikichunguze. Kuchunguzwa si kushtakiwa, na kushtakiwa si kutiwa hatiani. Katika nchi nyingi zinazofuata mfumo wa Kiingereza, mshtakiwa akishatoa hoja ya kujitetea ikaungwa mkono na ushahidi kidogo tu, mzigo unabaki kwa upande wa mashtaka kuthibitisha, pasipo kuacha shaka ya maana, kwamba hakuwa akijitetea. Mahakama huuliza mambo mawili kwa mpangilio. Kwanza huuliza aliamini nini: je, aliamini kweli kwamba yeye au mtu mwingine yuko hatarini wakati ule? Pili, kwa jinsi alivyoiona hali, je, nguvu aliyoitumia ililingana na hatari hiyo?

Naomba nisimame kidogo katika swali hilo la pili, kwa sababu ndilo linalowatisha watu wema. Wanadhani wakili wa serikali atakaa ofisini miezi sita, apige hesabu ya kila pigo, kisha awaulize kwa nini hawakupiga mapigo mawili badala ya matatu. Sheria haiko hivyo. Mwaka 1971 Baraza la Faragha mjini London (Privy Council), mahakama ya mwisho ya rufaa kwa baadhi ya nchi zilizotawaliwa na Uingereza, likisikiliza rufaa kutoka Jamaika katika shauri la Palmer, lilieleza kwamba mtu anayeshambuliwa hawezi kupima kwa mizani ya dhahabu kiasi halisi cha nguvu anayohitaji, na kwamba akiwa katika fadhaa ya ghafla amefanya lile aliloliona kwa moyo wa kweli kuwa la lazima, huo ni ushahidi mzito kwamba alichokifanya kilikuwa halali. Maneno hayo yamefuatwa katika nchi nyingi. Kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kwa mfano, kinaelekeza moja kwa moja kwamba wajibu wa jinai kwa mtu aliyetumia nguvu kujilinda au kulinda mali utaamuliwa kwa kanuni hizohizo za Kiingereza. Wajerumani wamelisema jambo hilo kwa njia nyingine, na mimi naipenda njia yao: kifungu cha 33 cha sheria yao ya jinai kinasema kwamba aliyevuka mpaka wa kujihami kwa sababu ya kuchanganyikiwa, hofu au mshtuko hataadhibiwa. Sheria imekubali kwamba hofu ni sehemu ya ubinadamu. Hasira na kisasi havimo katika kifungu hicho, na havikusahauliwa kwa bahati mbaya.

Zipo nchi zilizokwenda mbali zaidi kumlinda mwenye nyumba. Nchini Ufaransa kifungu cha 122-6 cha sheria ya jinai kinamchukulia kuwa alikuwa katika kujitetea halali mtu aliyemzuia usiku anayeingia kwa kuvunja, kwa nguvu au kwa hila katika mahali panapokaliwa na watu, ingawa dhana hiyo inaweza kupinduliwa kwa ushahidi. Jimbo la Florida nchini Marekani lilipitisha mwaka 2005 sheria inayodhania kwamba mtu ambaye nyumba yake imevamiwa kwa nguvu alikuwa na hofu ya kweli ya kuuawa au kuumizwa vibaya. Uingereza nayo, kwa sheria ya mwaka 2013, ilisema kwamba mwenye nyumba anayejilinda dhidi ya mvamizi hatachukuliwa kuwa amevunja sheria kwa sababu tu nguvu aliyoitumia ilizidi kiasi. Itakuwa haramu moja kwa moja pale tu ilipozidi kupita kiasi kabisa. Watu walishangilia wakidhani wamepewa ruhusa ya kuua. Mahakama ikafafanua mwaka 2016 kwamba sivyo: nguvu isiyofika kiwango hicho cha juu bado inaweza kukutwa si ya haki kulingana na mazingira. Tena ulinzi huo ni wa anayejilinda yeye au wenzake, wala haumhusu aliyeua ili kuokoa televisheni.

Mstari wenyewe unaonekana vizuri zaidi katika kesi mbili nitakazozieleza, moja ya Uingereza na moja ya Marekani.

Mwezi Agosti 1999, katika shamba moja la Norfolk nchini Uingereza, vijana wawili waliingia usiku katika nyumba ya mkulima aliyeishi peke yake na ambaye alisema amekwisha kuibiwa mara nyingi. Mkulima alifyatua bunduki ambayo hakuwa na kibali nayo. Mmoja alijeruhiwa, na wa pili, mvulana wa miaka 16, alipigwa mgongoni akafa. Mwaka 2000 mkulima yule alitiwa hatiani kwa mauaji ya kukusudia, na nchi nzima ikagawanyika. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani iliteremsha kosa kuwa kuua bila kukusudia, na wengi hadi leo wanaamini kwamba ilikubali hoja yake ya kujitetea. Haikuikubali. Ilichokikubali ni ushahidi wa kitabibu kwamba akili yake ilikuwa na maradhi yaliyopunguza uwajibikaji wake. Risasi iliyoingia kwa nyuma ilimwambia kila mtu jambo ambalo mawakili hawakuweza kulifuta: aliyekufa alikuwa amempa mkulima mgongo.

Simwambii mtu kwamba risasi ya mgongoni daima ni hatia. Mwili wa binadamu hugeuka kwa kasi kuliko kidole kinavyoweza kuachia, na mtu aliyegeuka anaweza kuwa anaifuata silaha yake. Lakini risasi hiyo inauliza swali, na mwenye nyumba lazima awe na jibu.

Kesi ya pili ni ya mji mdogo wa Little Falls, jimbo la Minnesota, mwezi Novemba 2012. Mwanamume mmoja ambaye nyumba yake ilikuwa imevunjwa kabla ya hapo alikaa kwenye chumba cha chini ya nyumba akiwa na bunduki zake na kinasa sauti kimewashwa. Kijana wa miaka 17 akashuka ngazi, akapigwa risasi. Baada ya kuanguka akapigwa tena. Dakika chache baadaye akashuka binamu yake wa kike, mwenye miaka 18, naye akapigwa, akaanguka, kisha akamaliziwa. Polisi hawakuitwa hadi siku iliyofuata. Jimbo lile linampa mwenye nyumba haki pana sana ya kujilinda, na vijana wale walikuwa wamevunja kweli nyumba isiyo yao. Hata hivyo mwaka 2014 jopo la raia waliosikiliza kesi lilimtia hatiani kwa mauaji ya daraja la kwanza, akafungwa maisha. Waliisikia sauti ya kinasa. Risasi ya kwanza ingeweza kujadiliwa, lakini mtu aliyelala chini akiugulia hakuwa tena hatari kwa yeyote, na pale haki ya mwenye nyumba ilikuwa imekwisha kufa. Kila kilichofuata kilikuwa hukumu iliyotolewa na mtu asiye na mamlaka ya kuitoa.

Kwa sababu hiyo naogopa mitego kuliko ninavyoogopa bunduki iliyo mkononi mwa mtu. Mtego hauoni. Haujui kama aliyefungua mlango ni jambazi, ni zimamoto, ni mtoto wa jirani aliyefuata mpira, au ni kijana wako mwenyewe aliyepoteza ufunguo. Mwaka 1971 Mahakama Kuu ya jimbo la Iowa iliamua shauri la wenye nyumba kuukuu ya shambani, isiyokaliwa na mtu, waliofunga bunduki kitandani ikielekezwa mlangoni na kuunganishwa na kitasa kwa waya. Aliyeingia kuiba chupa na mitungi ya zamani alipasuliwa mguu. Iliamuliwa mwizi huyo alipwe dola 20,000 za fidia na dola 10,000 za adhabu, na watu wakalalamika sana. Lakini mahakama iliuliza jambo moja rahisi: kama wenye nyumba wangekuwepo pale wenyewe, je, wangekuwa na haki ya kumpiga risasi mtu anayechukua chupa? Kwa kuwa wasingekuwa nayo, mashine yao haikuweza kuwa na haki wasiyokuwa nayo wao. Ni haki kusema kwamba si mahakama zote zimefikiri hivyo. Nchini Afrika Kusini, mwaka 1967, mwenye duka aliyekuwa ameibiwa tena na tena, ambaye aliweka bunduki ya mtego pamoja na tangazo la onyo, aliachiliwa ingawa mwizi alikufa, na mahakama ya rufani ilikubali kwamba kuua kwa kulinda mali kunaweza kuwa halali. Hukumu hiyo ilitolewa kabla nchi ile haijapata katiba inayolinda uhai wa kila mtu, na mimi sioni vizuri itasimamaje mbele ya katiba hiyo.

Vifo vingi havihitaji silaha. Mwizi amekamatwa sebuleni, wanaume watatu wamemlaza kifudifudi, mmoja amekaa mgongoni, mwingine amembana shingo, wakisubiri polisi. Mtu aliyebanwa hivyo, hasa akiwa amelewa au amekimbia sana, anaweza kukosa pumzi na kufa kimyakimya huku waliomkalia wakidhani ametulia. Nguvu ya kumkamata ilikuwa halali. Uzito uliobaki juu ya kifua chake baada ya kutulia ndio utakaoletwa mahakamani. Na kama majirani wamejaa uani na kila mmoja akatupa pigo lake, asidhani mtu kwamba wingi wao utamficha. Waliompiga pamoja kwa nia moja mtu aliyekwisha kufungwa mikono wanaweza kuwajibika wote kwa kifo kile, hata kama hajulikani ni pigo la nani lililoua. Hapa sina maneno ya kulainisha: mtu aliyefungwa kamba si mvamizi tena, ni mahabusu.

Tukumbuke pia kwamba kushinda kesi ya jinai si mwisho wa habari, kwa kuwa madai ya fidia yana njia yake na kipimo chepesi zaidi cha ushahidi. Mzee mmoja wa Uingereza mwenye miaka 76, aliyekuwa akilala kwenye banda lake ili kulilinda, alifyatua bunduki kupitia tundu la mlango bila kumwona aliyekuwa nje. Mahakama ya jinai ilimwachia huru. Hata hivyo katika madai, Mahakama ya Rufani ilisema mwaka 1995 kwamba hata mwizi anadaiwa uangalifu kidogo wa kibinadamu, ikampa fidia iliyopunguzwa theluthi mbili kwa sababu ya makosa yake mwenyewe. Yule aliishi. Angekufa, wategemezi wake ndio wangesimama mahakamani.

Upo upande mwingine ambao hausemwi sana, nao ni wa wenzake yule mwizi aliyekufa. Katika majimbo kadhaa ya Marekani, kifo kinachotokea wakati wa uhalifu mkubwa kinaweza kuhesabiwa kuwa mauaji juu ya kila aliyeshiriki uhalifu ule, hata kama hakuna kati yao aliyemgusa marehemu. Mwaka 2012 vijana wasio na bunduki waliingia katika nyumba huko Elkhart, Indiana, wakidhani haina mtu. Mwenye nyumba alikuwa amelala juu. Aliamka, akafyatua risasi, na mmoja wao akafa. Mwenye nyumba hakushtakiwa, na kwa jinsi ninavyoiona hali ile, ilikuwa haki. Walioshtakiwa kwa mauaji ni wenzake yule aliyekufa, wakapewa vifungo vya miongo kadhaa. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya jimbo hilo ilibatilisha hukumu hizo za mauaji na kuwabakizia kosa la kuvunja nyumba, ikieleza kwamba hakukuwa na jambo lolote katika mwenendo wao lililoonyesha hatari ya namna ile kwa uhai. Uingereza iliifuta kanuni hiyo mwaka 1957. Ninaona ilifanya vyema, kwa sababu mtu anapaswa kubeba kifo alichokisababisha au alichokitarajia, na kuchunga mlango wakati wenzako wanaiba ni kosa kubwa lenye adhabu yake lenyewe.

Mwisho niseme juu ya dakika zinazofuata, kwa sababu kesi nyingi hushinda au hushindwa hapo. Nyumba imetulia, mtu yuko sakafuni, mikono yako inatetemeka. Usimsogeze ili ionekane alikuwa karibu zaidi. Usiweke kisu mkononi mwake, hata kama ndugu yako anakushauri hivyo kwa mapenzi. Wachunguzi wa damu na alama za vidole watakigundua, na hoja ya kweli uliyokuwa nayo itazikwa pamoja na uongo huo. Piga simu polisi mara moja, na piga pia simu ya gari la wagonjwa. Waambie polisi kwamba nyumba yako imevamiwa na kwamba umejitetea, waonyeshe mlango uliovunjwa, kisha uombe wakili kabla ya maelezo marefu, kwa sababu kumbukumbu ya mtu aliyetoka kwenye hofu hupotosha mpangilio wa mambo hata pale asipokusudia kudanganya. Na kama yule aliyelala sakafuni bado anapumua, na silaha yake iko mbali naye, chukua kitambaa safi, kikandamize pale damu inapotoka, wala usikiachie mpaka waje.